Bushi za springi za karavani: mwongozo kamili wa kukagua, kubadilisha na kupiga grisi

Mtu ananunua bushi mpya, analala chini ya karavani (ile nyumba ya kuvutwa na gari) siku nzima, anafunga, anaondoka na familia, miezi michache baadae mlio umerudi uleule na tairi zinaliwa upande mmoja. Lawama zote zinaenda kwa bushi, "hizi za siku hizi feki". Nimeulizwa hili swali mara nyingi sana na karibu kila mara nikichimba nakuta bushi haina kosa. Kosa liko kwenye moja kati ya haya: bolti imezungushwa wakati wa kufungua au kufunga ikapoteza kushika kwake, sheko na hanga zilizochoka zimerudishwa vilevile, au grisi imepigwa huku bolti imebeba mzigo kwahiyo haikuingia kabisa. Nimeandika hatua zote hapa nikiyalenga hayo matatu, ukikuta nimekaa sana sehemu flani ujue ndo sehemu watu wanaharibu.

Mwongozo huu ni wa karavani yenye springi za mabamba, zile bamba ndefu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kama yako ina ekseli za raba, ambazo raba yenyewe iko ndani ya bomba la ekseli na huoni springi yoyote, hii kazi haikuhusu.

Majina kwanza ili tuelewane

Bushi ni kile kibomba kifupi kilichoshindiliwa ndani ya jicho la springi, bolti inapita katikati yake. Hanga ni kile chuma kilichochomelewa kwenye chesisi ambacho springi inaning'inia. Sheko ni zile pati mbili zinazounganisha jicho la springi na ekwalaiza, na ekwalaiza ni lile chuma lenye umbo kama pembetatu lililokaa katikati ya ekseli mbili, linalogawa mzigo tairi moja ikipanda kwenye tuta na nyingine ikiwa chini.

Bushi zenyewe ziko aina mbili kubwa. Za nailoni ndo zinakuja kwenye karavani nyingi kutoka kiwandani, hazipigwi grisi na zinakwisha mapema. Za bronzi zinatumika pamoja na bolti ya grisi, yaani bolti iliyotobolewa katikati kwa urefu, ina nipeli (kile kichuchu cha kuchomekea bomba la grisi) kichwani na kitundu kidogo ubavuni cha kutolea grisi. Ushauri wangu wa wazi, ukishafungua kila kitu usirudishe nailoni. Kazi ni ileile, jasho ni lilelile, na bronzi yenye grisi inakaa muda mrefu zaidi sana.

Andaa hivi vitu kabla hujagusa nati

Vipuri:

- Bushi za bronzi. Karavani ya ekseli mbili ina springi nne, kila moja macho mawili, hapo ni 8, ongeza 2 za katikati ya ekwalaiza, jumla 10. Ekwalaiza nyingine zina bushi hata kwenye ncha zake, kwahiyo chungulia ya kwako kwanza uhesabu.
- Bolti za grisi na nati loki mpya (zile nati zisizolegea zenyewe). Mpangilio wa kawaida wa ekseli mbili una 7 kila upande, jumla 14. Kipenyo kinachotumika sana ni inchi 9/16, ila pima.
- Pati za sheko mpya, ikiwezekana zile nene zaidi ya za mwanzo. Sheko mbili kila upande, maana yake pati 8.
- Ekwalaiza mpya ziwe karibu. Ukikuta za zamani nzima unazirudisha dukani.

Vifaa:

- Jeki yenye uwezo unaozidi mzigo utakaonyanyua, jeki ndogo ya pili, na stendi za jeki zisizopungua mbili
- Vizuio vya tairi
- Soketi na spana (nati ya bolti ya 9/16 mara nyingi inataka inchi 7/8), pamoja na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza)
- Nyundo nzito ya kilo moja na nusu au mbili, na kipande cha shaba laini cha kupigia
- Msumeno wa chuma, na wembe mmoja wa ziada utakaoushika bila fremu
- Jiriwa au klempu kubwa, au bolti ndefu yenye nati na washa nene za kuvutia bushi
- Brashi ya waya, mafuta ya kulegezea kutu, matambara
- Bomba la grisi na grisi ya lithiamu namba 2 yenye uwezo wa kuhimili shinikizo kubwa
- Futi ya kupimia, kalamu ya rangi, miwani ya kazi na glovu

Bolti za zamani zinyunyizie mafuta ya kutu jana yake. Nasema jana, sio dakika kumi kabla ya kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni bushi kweli

Mlio peke yake sio ushahidi. Mabamba ya springi yakisuguana yanalia pia, na kichwa cha kuvutia, pale karavani inapoungwa kwenye gari, kikikosa grisi kinalia karibu na hivohivo.

Cha kufanya, karavani ikiwa chini kwenye tairi zake, chukua tochi uangalie kila kiungo. Unga wa kutu wenye rangi ya chungwa unaotoka pembeni ya bolti maana yake chuma kinasaga chuma, bushi ilishakwisha zamani. Ukiona nailoni imechomoza pembeni kama ulimi, nayo imekwisha. Angalia pati za sheko, tundu lake linatakiwa liwe duara, likishakuwa kama yai ile pati ni ya kutupa.

Alafu pima. Toka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, upande wa kulia na upande wa kushoto, na toka sehemu ya kuunganishia mbele kabisa hadi kila ncha ya ekseli ya mbele. Andika namba zote mahali. Vipimo viwili vya toka mbele vinatakiwa visipishane zaidi ya milimita 3 hivi, na kati ya ekseli na ekseli tofauti ya kulia na kushoto isizidi milimita moja na nusu. Usipopima leo hutajua kesho kama kazi yako imerekebisha kitu au imeharibu.

Piga na picha kila kiungo, hasa ekwalaiza imekaaje maana nyingine zina mbele na nyuma.

Hatua ya 2: Kunyanyua

Hapa naomba usome taratibu, karavani ikidondoka haina huruma.

Egesha sehemu ngumu na tambarare, zege au lami. Iache imeungwa kwenye gari, hendibreki ya gari imevutwa. Weka vizuio mbele na nyuma ya tairi za upande ambao hunyanyui. Legeza nati za tairi kidogo tairi zikiwa bado zimegusa chini, ukisubiri ziwe hewani zitazunguka tu.

Jeki inawekwa chini ya chesisi, karibu na hanga, sehemu ambayo chuma ni kizima. Usinyanyue karavani kwa kuweka jeki katikati ya bomba la ekseli. Lile bomba linapinda, na ekseli iliyopinda itakula tairi hata ukiweka bushi za dhahabu. Ukishafika juu weka stendi chini ya chesisi, mbili kwa upande huo, ushushe mzigo wote ukae juu ya stendi alafu usukume karavani kwa mkono uone kama imetulia. Jeki haifanyiwi kazi chini yake hata kwa dakika moja.

Ile jeki ndogo ya pili kazi yake ni tofauti. Hiyo inaenda chini ya ekseli, pale springi inapokalia, kubeba uzito wa ekseli yenyewe tu ili uweze kuipandisha na kuishusha kidogokidogo. Watu wanachanganya hapa, wanasikia "usiweke jeki kwenye ekseli" wanaacha ekseli inaning'inia, wakitoa bolti ekseli inadondoka na kuvuta waya za breki. Kubeba ekseli ruksa, kubeba karavani kwa ekseli hapana.

Utajua uko sawa kama tairi zinaning'inia, stendi hazitikisiki, na ukipandisha jeki ndogo kidogo unaona springi inasogea bila chesisi kunyanyuka.

Hatua ya 3: Upande mmoja, springi moja

Toa tairi za upande mmoja tu. Fanya springi moja mpaka mwisho ndo uende nyingine. Najua inavutia kufungua vyote ukapanga chini vizuri, lakini zile nyingine zilizobaki zimefungwa ndo zinazoshikilia ekseli mahali pake, ukifungua zote ekseli inahama na kuirudisha ukiwa peke yako ni nusu siku nyingine. Angalia waya za breki zina nafasi ya kutosha kabla ekseli haijashuka, kama zimekazwa toa kwanza kile kibano chake.

Hatua ya 4: Kutoa bolti, ndo penyewe

Tazama shingo ya bolti, chini tu ya kichwa. Kuna meno madogo. Yale meno yanaingia kwa kubana kwenye tundu la hanga au pati ya sheko ili bolti isizunguke kabisa, kinachotakiwa kuzunguka ni bushi juu ya bolti. Sasa mtu anaweka spana kwenye kichwa, anazungusha, meno yanakwangua tundu la hanga linakuwa kubwa, na kuanzia siku hiyo bolti yoyote atakayoweka itazunguka ndani ya hanga na kulisaga. Hanga limechomelewa kwenye chesisi, sio kipuri cha kubadilisha kirahisi. Hili ndo kosa la bei mbaya kuliko yote kwenye kazi hii.

Kwahiyo: spana inafungua nati tu. Kichwa cha bolti kinashikwa kisizunguke.

Utaratibu wangu, nalegeza nati mpaka uso wake uwe sawa na ncha ya bolti, isitoke yote, alafu napiga pale kwa nyundo kupitia kipande cha shaba. Nati inalinda uzi usifumuke. Meno yakishaachia utasikia sauti imebadilika, toka mlio wa kugonga chuma kizima inakuwa kama kitu kimelegea. Hapo toa nati, malizia kusukuma bolti nje.

Bolti ikigoma kutoka wakati meno yameshaachia, usiongeze nguvu, rekebisha jeki ndogo. Inakuwa imebanwa na uzito wa ekseli. Pandisha kidogo, jaribu, shusha kidogo, jaribu, kuna sehemu moja itateleza yenyewe kwa vidole. Nilishawahi kumsaidia mtu ambaye alipiga bolti moja karibu saa nzima, nikageuza jeki robo mzunguko ikatoka.

Hatua ya 5: Kutoa bushi ya zamani

Nailoni ni rahisi. Mara nyingi inatoka kwa kugonga na soketi iliyo ndogo kidogo kuliko jicho. Ikigoma pitisha wembe wa msumeno ndani yake uikate kwa urefu mpaka ikaribie kuisha, alafu ikunje kwa ndani na bisibisi. Usikate mpaka ukafika kwenye jicho la springi, ule mkwaruzo unaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Bronzi ya zamani inatoka kwa kuvutwa na ile bolti ndefu: upande mmoja soketi ndogo inayosukuma, upande wa pili soketi kubwa au kipande cha bomba cha kupokea, unakaza nati bushi inahama. Kupiga nyundo kwa nguvu springi ikiwa bado kwenye karavani sipendi, springi yenyewe inaruka inameza nguvu yote.

Hatua ya 6: Safisha, alafu uwe mkali kwenye kukagua

Piga brashi jicho la springi mpaka uone chuma. Futa. Sasa angalia:

Jicho la springi liwe duara. Kama bolti ilishakula bushi ikaanza kula jicho, bushi mpya itaingia ikicheza, na bushi inayocheza ndani ya jicho inazunguka na kuisha. Springi hiyo ni ya kubadilisha, na springi hubadilishwa kwa jozi za ekseli moja.

Mabamba yasiwe na ufa. Pitisha tochi taratibu hasa karibu na bolti ya katikati na kwenye yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli.

Tundu za hanga. Ingiza bolti mpya kwa mkono upande wa kichwa, ikiingia mpaka kwenye kichwa bila meno kushika popote, tundu limekwisha. Usijazie washa wala kubandika gundi ya chuma. Hapo ni fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu wa chesisi, aweke hanga jipya au aongeze bamba lenye tundu sahihi. Angalia pia mshono wa hanga na chesisi, hanga za katikati zinazobeba ekwalaiza ndo zinateseka zaidi kwenye kona kali maana tairi zinaburutwa ubavu, na zikipasuka zinaanzia kwenye mshono.

Ekwalaiza ina tundu tatu, zote ziwe duara, na ncha zake zisiwe zimeliwa na pati za sheko. Na pati za sheko kama nilivyosema, ukiwa umefika hapa badilisha tu zote. Ni kitu cha bei ndogo na ndo kinaongoza kwa kutoboka.

Hatua ya 7: Kushindilia bushi mpya

Paka mafuta mepesi kidogo nje ya bushi na ndani ya jicho. Ukiweza ziweke bushi kwenye friza usiku kucha, zinasinyaa kiasi kidogo sana lakini unausikia huo utofauti zikiingia.

Springi ikiwa mezani tumia jiriwa. Ikiwa bado kwenye karavani tumia bolti ndefu na washa nene, au klempu. Anza taratibu, hakikisha imeingia ikiwa imenyooka pande zote, maana bronzi ni laini, ikianza kwa kupinda inakwanguliwa upande mmoja na haitanyooka tena. Usiipige nyundo moja kwa moja, mdomo wake unapanuka kama uyoga na bolti haitapita.

Mwisho wake bushi iwe sawa na kingo za jicho, isichomoze upande wowote. Sasa jaribu bolti mpya, ingiza ile sehemu laini kwa mkono. Inatakiwa iingie kwa kusukuma na izunguke kwa vidole bila kucheza. Ikikataa ni kwamba bushi imebanwa na jicho tundu lake limepungua, ipanue kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) ya kipimo sahihi, kidogokidogo. Usiigonge ipite hivohivo. Bolti iliyoingia kwa nyundo ndani ya bushi haitapokea grisi na kiungo hakitacheza, kazi yote umefanya bure.

Hatua ya 8: Kurudisha bolti, na kitundu cha grisi kiangalie wapi

Kabla bolti haijaingia piga grisi nipeli ukiwa umeishika mkononi mpaka uone inatoka kwenye kitundu cha ubavuni. Inachukua sekunde kumi. Bolti mpya zinakuja na vumbi la kutobolea ndani, ukishafunga ndo ugundue imeziba utalia.

Kile kitundu kikae kikiangalia mbele au nyuma ya karavani, usawa wa ardhi. Kisiangalie juu wala chini. Mzigo unabana bolti na bushi kwa kwenda juu na chini, kitundu kikiwa kwenye upande uliobanwa kinazibwa na bushi yenyewe na hakuna bomba litakaloingiza grisi humo. Weka alama ya kalamu kwenye kichwa cha bolti kuonyesha kitundu kiko upande gani, maana ikishaingia huoni tena, na meno yakishashika hugeuzi tena.

Angalia na upande ambao nipeli itakaa. Lazima bomba la grisi lifike na tairi isiguse. Mimi nashika tairi naliweka mahali kwa mkono kwanza nione nafasi, ndo naamua.

Panga tundu kwa jeki ndogo mpaka bolti ipite kwa mkono hadi kwenye meno. Shika bolti kitundu kikiwa upande sahihi, alafu piga kichwa kwa nyundo mpaka meno yazame na kichwa kikae kabisa kwenye chuma. Usiyavute meno kwa kukaza nati, bolti inaweza kuzunguka njiani na ukaharibu uzi juu yake.

Kwenye sheko, bolti mbili zinaingia kwenye pati moja kwa meno, pati ya pili ndo inapokea nati.

Sasa nati loki mpya na toki renchi. Kipimo kinachotumika kwa bolti za sheko za aina hii ni futi-pauni 30 hadi 50, yaani kama Nm 41 hadi 68, ila kama kijitabu cha ekseli zako kinasema kingine fuata kijitabu. Watu wengi wanakaza kuzidi hapo, wanaona futi-pauni 50 ni mchezo kwa bolti nene hivo. Lakini hii nati haikusudiwi kubana springi, inazuia tu bolti isitoke. Ukikaza sana pati zinabana jicho la springi, kiungo kinashindwa kucheza, barabara ikikilazimisha kicheze ile nguvu inaenda kwenye meno, meno yanaachia, bolti inaanza kuzunguka ndani ya hanga. Umerudi kwenye lile kosa la hatua ya 4 kwa njia nyingine.

Kipimo cha mafanikio: springi ikiwa haina mzigo, shika sheko uisukume mbele na nyuma, kwa mkono au na kibao cha mti. Inatakiwa iende, nzito kidogo lakini iende. Ikigoma kabisa legeza uangalie.

Hatua ya 9: Kupiga grisi kabla ya kushusha

Hii inafanyika tairi zikiwa hewani. Nakazia hili kwasababu ndo sababu kubwa ya watu kuniambia "nipeli zangu hazipokei". Karavani ikiwa chini uzito wote unakandamiza bolti kwenye bushi, grisi haina pa kupita.

Futa nipeli, chomeka bomba, pompi taratibu. Unataka kuona grisi inachungulia pande zote mbili za bushi. Ikitokea upande mmoja tu, pandisha au shusha ekseli kwa jeki ndogo, tikisa, pompi tena. Ikigoma kabisa toa ile nipeli, ijaribu peke yake, mara nyingine ni kile kijipira cha ndani kimekwama. Ikishatokea pande zote acha, ya ziada ifute, ikibaki nje inakusanya mchanga.

Kama umeamua kubaki na nailoni usipige grisi. Zifunge kavu kama zilivyotoka.

Hatua ya 10: Tairi, kushusha na safari ya kwanza

Rudisha tairi, kaza nati kwa mkono, shusha, alafu kaza kwa toki renchi kwa mtindo wa nyota na sio kwa kuzunguka duara. Kwa stadi (bolti za tairi) za inchi 1/2 kipimo cha kawaida ni futi-pauni 90 hadi 120. Rudia kukaza baada ya kilomita 16, 40 na 80 hivi. Usiruke hili, tairi za karavani zinajulikana kwa kulegea zikishatolewa, na dereva hahisi kitu mpaka tairi inampita.

Hamia upande wa pili, hatua ya 2 mpaka hapa.

Ukishamaliza pande zote sogeza karavani mbele mita kadhaa na kuirudisha, springi zikae mahali pake, alafu chukua futi upime vilevile kama hatua ya 1. Namba zikiwa ndani ya kile kipimo, vizuri. Kama zimepishana zaidi na bushi ni mpya, tatizo ni hanga lililopinda au ekseli iliyosogea kwenye yubolti, na hilo lishughulikie kabla ya safari ndefu.

Kimbia kilomita 20 au 30 barabara ya kawaida, simama, angalia kila kichwa cha bolti na ile alama ya kalamu. Alama ikiwa imehama, bolti inazunguka, rudi nyumbani taratibu ufungue kiungo hicho.

Baada ya hapo

Mimi napiga grisi mwanzoni mwa kila msimu wa safari na kila kilomita 5,000 hivi, na kila nikipita kwenye maji ya kina au njia ya vumbi kwa siku nyingi napiga hata kama kilomita hazijafika. Kila mara nanyanyua chesisi kwanza. Nikiwa chini hapohapo natazama alama za kalamu, tundu za pati za sheko na rangi ya grisi inayotoka: ikiwa nyeusi ni kawaida, ikiwa na kahawia ya kutu maji yameingia na naendelea kupompi mpaka itoke safi, ikiwa na vichembe vinavyong'aa kama dhahabu bushi hiyo inasagwa, naiandika namba yake kwenye daftari na kiungo hicho nakifungua kabla ya safari nyingine.